Pishi Kwanza, Bei Baadaye

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Visiwani wanaokaa Dodoma, katika mtaa wa Area D. Tunaichapa kwa faida ya wanachama wa matawini ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Kwanza nawashukuru kwa kunialika. Sisi tuliokulia penye upepo wa bahari si jambo dogo kukutana katika nchi hii ya vumbi na zabibu, mbali na nyumbani, tukakaa kitako kuzungumza mambo ya Visiwa vyetu. Lakini nasema hapana mahali pafaapo kuliko hapa. Dodoma ndipo lilipo Bunge, na ndipo mara nyingi hukatwa maneno ambayo taathira yake hufika mpaka Wete na Makunduchi.

Nimetakiwa niseme juu ya mapatano ya vyama baada ya uchaguzi usio na mshindi wa wazi, na juu ya kutengeneza upya njia ya kupiga kura. Neno langu ni moja. Wazee wetu walipokuwa wakiuziana karafuu kwa pishi, mtu mwenye akili hakuanza kugombania bei kabla hajaitazama pishi yenyewe. Ikiwa pishi ni pungufu, bei nzuri haikufai kitu. Na sisi, kila ukitokea uchaguzi wa mashaka, huulizana: "Tumepewa nafasi ngapi Serikalini?" Hiyo ndiyo bei. Nani anauliza habari ya pishi?

Natoa mfano kwanza kwa Waingereza, maana wao ndio waliotuletea pishi hii tunayopimia.

Tarehe 6 Mei 2010 Waingereza walipiga kura, na hapana chama kilichopata viti 326 vinavyotakiwa katika Bunge lao la watu 650. Conservative walipata 306, Labour 258, na chama cha tatu, Liberal Democrats, viti 57. Zikafuata siku tano za mazungumzo. Tarehe 11 Mei Bwana Gordon Brown akajiuzulu, Bwana David Cameron akawa Waziri Mkuu, na Bwana Nick Clegg, kiongozi wa chama kile kidogo, akawa Naibu wake. Serikali ya mseto namna hiyo haikuonekana kwao tangu mwaka 1945.

Sasa tazameni hesabu. Labour walipata asilimia 29 ya kura, wakapewa viti 258. Liberal Democrats walipata asilimia 23, wakapewa viti 57. Tofauti ya kura ni asilimia 6, na tofauti ya viti ni 201! Lau viti vingegawanywa kwa uwiano wa kura, chama kile kingepata takriban viti 150. Sababu yake ni kuwa kila jimbo humchukua aliyetangulia, hata akiwa ametangulia kwa kura moja, na kura za waliobaki zote hutupwa. Basi chama ambacho watu wake wametawanyika kila pahala hupata kura nyingi na viti vichache.

Chama kile kiliijua kasoro hii miaka mingi. Kilipokaa mezani, kilipewa viti vya Baraza la Mawaziri, na juu ya pishi kilipewa ahadi ya kura ya maoni tu. Wala haikuwa juu ya uwiano kiliokuwa kikiutaka, bali juu ya njia nyingine, ambayo mpiga kura huwapanga wagombea kwa kuandika 1, 2, 3. Tarehe 5 Mei 2011 wananchi wakaulizwa, na wenzao wa Serikali moja, Conservative, wakasimama upande wa kupinga. Asilimia 68 walikataa. Na uchaguzi wa mwaka 2015 ulipofika, chama kile kilirudi na viti 8. Nafasi zikapita, na pishi ikabaki ile ile.

Ndugu zangu, huenda mkasema hayo ni ya Wazungu, yanatuhusu nini? Basi na turudi kwetu.

Tarehe 17 Januari 1961 watu wa Unguja na Pemba walikwenda kuchagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. ASP ilipata viti 10, na kimojawapo, cha Chake Chake, ilikipata kwa kura moja tu. ZNP ilipata viti 9, na ZPPP viti 3. Wale watatu wa ZPPP ndio wakawa wenye mizani mkononi. Walakini hawakukaa pamoja: wawili, Sheikh Mohamed Shamte mmoja wao, walikwenda upande wa ZNP, na mmoja akaenda upande wa ASP. Ikawa kumi na moja kwa kumi na moja, na Serikali haikuundika illa ya muda.

Dawa iliyotolewa ilikuwa nini? Kiliongezwa kiti kimoja, vikawa 23, ili pasiwe na sare, na watu wakaitwa kupiga kura tena tarehe 1 Juni mwaka ule ule. Hapana aliyeigusa pishi. Matokeo yakawa ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. ZNP na ZPPP wakaungana, na Sheikh Shamte, ambaye chama chake kilikuwa na viti vitatu, akawa Waziri Kiongozi. Lakini siku zile za uchaguzi damu ilikuwa imekwisha kumwagika Unguja, na watu 68 wamekufa.

Sisemi haya ili kufukua makaburi ya mtu, wala kumlaumu huyu na kumsafisha yule. Wengi wetu tuna wazee waliokuwa upande mmoja na wajomba waliokuwa upande wa pili. Nasema hesabu. Katika Juni 1961 ASP ilipata karibu nusu ya kura zote na haikupata Serikali. Mtu aweza kujibu kuwa wale wawili walioungana nao walikaribia nusu, na hilo ni kweli. Hata kwa uwiano Serikali ingekuwa ya mapatano tu. Lakini tazameni Julai 1963. Viti vilikuwa 31. ASP ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13. ZNP ilipata chini ya asilimia 30 na viti 12. ZPPP ilipata kama asilimia 16 na viti 6. Chama kilichopata zaidi ya nusu ya kura kikakaa upinzani, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika majimbo machache yaliyoshinda kwa wingi mkubwa. Lau vingegawanywa kwa uwiano, ASP ingepata takriban viti 17, ZNP 9 na ZPPP 5.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yalikuwa na sababu nyingi, na mimi si mtu wa kudai kwamba hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoyaleta. Ila nasema hivi: Serikali inayotawala watu ambao wengi wao wanaamini kuwa kura zao zimemezwa, imejenga juu ya mchanga, hata ikiwa kila karatasi imehesabiwa kwa haki na sheria imefuatwa herufi kwa herufi.

Miaka ikapita. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa mwaka 1995 Zanzibar ulitangazwa asilimia 50.2 kwa Dakta Salmin Amour na asilimia 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad. Nchi imegawika nusu kwa nusu, na kanuni inasema mshindi achukue vyote. Mnajua yaliyofuata: ugomvi, Muafaka wa mwaka 1999, vifo vya Januari 2001, Muafaka wa pili wa Oktoba 2001, na mwisho wake kukutana kwa Rais Amani Karume na Maalim Seif tarehe 5 Novemba 2009.

Hapo ndipo Wazanzibari walipofanya jambo ambalo Waingereza hawakulifanya. Waingereza waliandikiana mapatano ya vyama viwili kwa muhula mmoja. Sisi tuliwauliza wananchi kwanza. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa, ili chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri wagawanywe kwa kadiri ya viti vya Baraza la Wawakilishi. Oktoba ile ile Dakta Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia 50.1, Maalim Seif akapata 49.1, na safari hii watu walilala salama majumbani mwao. Hiyo ni neema, na anayeidharau hakuyaona ya 2001.

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, tuseme kweli. Tulirekebisha namna ya kugawa Serikali, hatukurekebisha namna ya kuhesabu. Tarehe 28 Oktoba 2015, Makamu wa Kwanza akiwa angali Serikalini, na matokeo ya majimbo mengi yamekwisha kutangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Bwana Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ulisusiwa na chama kikubwa cha upinzani, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu mpaka baada ya uchaguzi wa mwaka 2020. Basi nauliza: miaka mitano ya kukaa pamoja Serikalini, tuliitumia kuandika nini juu ya nani atangaze, nani aweza kufuta, na aliyedhulumiwa akashtaki wapi? Katiba ya Zanzibar na ya Muungano zote mbili zimeizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais akiisha kutangazwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilihukumu kuwa kizuizi hicho katika Katiba ya Muungano kinavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni mali.

Wapo watakaosema kuwa uwiano ni ndoto za wasomi. Hapana haja ya kwenda mbali. Hapa hapa Dodoma, katika Bunge la Muungano, Viti Maalum vya wanawake hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura za wabunge, kwa kila chama kilichopata asilimia 5 au zaidi. Basi kanuni hii tunayo sheriani. Na mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokutana katika mji huu, sheria ilitaka theluthi mbili za wajumbe wa Bara na theluthi mbili za wajumbe wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake, ili walio wachache wasimezwe na walio wengi. Kwa hiyo nchi hii yajua kuwa kuna njia zaidi ya moja ya kuhesabu.

Wala sifichi kuwa uwiano una madhara yake. Mtu wa Micheweni anataka mjumbe wake anayemjua kwa jina, aweze kumwendea kisima kikikauka. Orodha ya chama haina mlango wa kugonga. Na chama cha watu wachache huweza kuifunga kamba Serikali nzima. Hayo yana majibu, kama vile kuchanganya majimbo na uwiano, na kuweka kiwango cha chini. Ila ni lazima yazungumzwe kabla ya uchaguzi, wakati hapana ajuaye nani atashinda. Baada ya matokeo kila mtu huipenda pishi iliyompendelea.

Kwa hayo nawausia mambo matatu, myapeleke matawini mwenu.

La kwanza: viongozi wetu wakikaa mezani na yeyote, kanuni ya uchaguzi iwe jambo la mwanzo katika orodha, na nafasi za Serikali ziwe la mwisho.

La pili: kila ahadi iandikwe pamoja na tarehe yake, na itajwe nini kitakuwa tarehe hiyo ikipita. Tusikubali ahadi ambayo mwenzetu wa Serikali ana ruhusa ya kuipiga vita, kama ilivyokuwa kwa wale wa London.

La tatu, na hili ndilo gumu: tukubali kanuni ya haki hata siku ile itakapotupunguzia sisi. Mtu anayetaka pishi kamili anaponunua, na pungufu anapouza, huyo hatafuti haki, anatafuta zamu yake.

Waziri hubadilishwa kwa tangazo la asubuhi moja. Kanuni njema hukaa, ikamlinda hata mtoto ambaye hajazaliwa, wa chama chetu au cha jirani yetu. Wazee wetu wa mwaka 1961 waliongezewa kiti kimoja wakaambiwa kuwa ugonjwa umepona. Sisi tusikubali kuongezewa kiti.