UTANI NI WA WAWILI, DHIHAKA NI YA MMOJA

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo sisemi habari ya mbolea. Nasema habari ya ulimi. Siku hizi mtu akimtolea mwenzake neno baya, ukimwuliza anakujibu, "Aa, huo ni utani tu!" Haya, tuuangalie huo utani wenyewe ni kitu gani.

Utani wa wazee wetu ulikuwa na sheria zake. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani. Walipita katika nchi za Waluguru na Wazaramo, na utani ukawasaidia njiani: mgeni alitukanwa kwa kicheko, akapewa maji na chakula. Wahehe na Wangoni nao walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882. Wajukuu wao ni watani. Badala ya mikuki wanarushiana maneno, kisha wanakula pamoja.

Na kwenye msiba je? Mtani huvaa nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake, akazuia jeneza mpaka apewe chochote. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayechimba kaburi na kuchota maji. Hakuja kucheka tu, amekuja kazini.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Mimi nikimwita mtu "mtani", naye ananiita "mtani". Jina ni moja kwa wote wawili, hakuna mkubwa wala mdogo. Ndiyo maana tunasema tunataniana. Dhihaka siyo hivyo. Yuko anayedhihaki na yuko anayedhihakiwa. Mmoja anaondoka na kicheko, mwingine anaondoka na kinyongo.

Ukitaka kupima neno lako, jiulize mambo matatu. Akinijibu vile vile, nitacheka? Huyu ni mtani wangu kweli, au nimemchagua kwa sababu ni mnyonge? Akifiwa leo, nitakwenda kumchimbia kaburi?

Ndugu zangu, tuje hapa kwetu Katavi. Watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, na baadaye Mishamo. Walifyeka pori kwa mikono yao wakalima. Mwaka 2014 Serikali ilitoa uraia kwa watu zaidi ya 162,000, wao na watoto wao, pamoja na wale wa Ulyankulu kule Tabora. Ni raia kama mimi na wewe. Lakini bado utasikia penye mizani, "Wewe mkimbizi, sogea!" Watu wanacheka. Haya, yeye atakuita nini? Hana jina la kukurudishia. Akijibu anaambiwa hana shukrani. Basi ananyamaza.

Na ukimya huo, jamani, unatugharimu sisi wote. Mtu aliyezoea kuchekwa hainui mkono mkutanoni. Akiona makato ya pembejeo hayaeleweki, anaogopa kuuliza, asije akachekwa Kiswahili chake. Mkopo tukiuchukua pamoja tunaulipa pamoja. Kosa ambalo mmoja ameliona akanyamaza, litalipwa na kikundi kizima.

Iko hatari kubwa kuliko hiyo. Bibi amepika kwa kuni maisha yake yote, macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Vijana wakipita wanasema, "Mchawi huyo!" kisha wanacheka. Kesho mtoto wa jirani anaugua, na neno la mzaha linageuka kuwa ushahidi. Mikoa yetu hii ya magharibi na ile ya Kanda ya Ziwa imezika vikongwe waliouawa kwa maneno ya namna hiyo. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Sisemi tusitaniane. La hasha! Kijiji kisicho na utani ni kijiji kilichonuna. Wafipa, Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Waha, Wasukuma, sote tunauza kwenye mizani moja. Tukikosa kicheko tutagombana. Ninachoomba ni hiki:

1. Mwenzako akikwambia "neno hilo liache", liache. Usimwambie eti hajui utani.

2. Mwanachama akichekwa mkutanoni, Mwenyekiti asimamishe mazungumzo mpaka huyo amalize swali lake.

3. Anayemwita bibi wa watu mchawi, aliye karibu amkanye pale pale. Tusicheke naye.

4. Akifiwa mwanachama yeyote, wa kabila lolote, twende na majembe.

Ukimzika mtu na kumlisha, hata ukimtania atacheka.

Ushirika hoyee!