Hii kartie si kambi

Maneno ya mwenzetu mmoja mbele ya vijana na wazazi wa kartie, Salamabila

Najua kuko wenzetu hapa walioacha shimo leo, na siku bila shimo ni siku bila kula. Basi sitakawia.

Kwa wale watakaosoma maneno haya kwenye simu, huko Kasongo, Kindu, Bukavu ao mbali zaidi: sisi tuko Salamabila, teritware ya Kabambare, pembeni ya Namoya. Mukisikia jina letu munafikiri mambo mawili tu, dhahabu na risasi. Leo sitaongea risasi. Nataka tuongee njia moja ndogo, inayotoka soko, inapita nyuma ya nyumba zetu, inashuka mpaka kwenye chemchemi. Kwa miguu ni dakika 15. Na bidoni kichwani ni nyingine.

Wote munaijua njia hiyo. Saa kumi na moja ya asubui, mbele jua halijatoka, munasikia bidoni zinagongana. Ni mama zetu na dada zetu. Kisha adhana, kisha majogoo, kisha moto ya kwanza inayopeleka wachimbaji, kisha mlio wa wale wanaotwanga mawe kwenye vinu vya chuma, tok tok tok, mpaka magaribi. Kartie yetu haina saa, lakini kila mtu anajua saa ngapi kwa kusikiliza. Wageni wanasema ni kelele. Mimi nikienda Kasongo kulala kwa shangazi, usingizi haukuji juu ya kukosa kelele ile. (Munacheka, lakini ni kweli.)

Napenda kartie hii. Parseli moja unakuta Mubangubangu, Mubuyu, Mubembe, Mulega na Mushi, wanapikia sombe kwenye makala ya kukopeshana. Mtu akifiwa, hakuna anayeuliza kabila mbele ya kuleta kuni na mchele wa matanga. Njo maana sikukuja hapa kuitukana. Nilikuja juu kuko kitu tunajifanyia sisi wenyewe, na hatutaki kukisema.

Chemchemi yetu iko na jicho pale juu, penye mawe, na iko na dimbwi chini kidogo, hatua 10 hivi, ambapo tunavuta maji. Tangu kiangazi ya mwaka jana, katikati ya jicho na dimbwi kumewekwa meza za kuoshea mchanga. Kwanza moja, kisha mbili, sasa tatu. Kiangazi maji yanakauka kwenye vijito vingine, na pale hayakauki. Mtu anabeba mfuko wake wa mchanga, anaosha, dhahabu inabaki juu ya kitambaa cha meza, matope yanashuka. Yanashuka wapi? Kwenye dimbwi. Kwenye bidoni. Kwenye chai.

Mama zetu walipata akili. Wanaamka mapema zaidi, ili wavute mbele wachimbaji hawajafika. Wachimbaji nao wakaanza kuamka mapema zaidi. Sasa kuko wanawake wanaoshuka usiku kabisa, na hapa kwetu munajua mwanamke kutembea usiku ni nini. Wengine wanangoja juani maji yatulie. Dada yangu mdogo yuko kalasi ya sita. Septemba 2019 serkali ilisema masomo ya msingi ni bure, na tulifurahi. Lakini mtoto anayefika kalasi saa tatu juu alikuwa kwenye foleni ya maji, bure hiyo anaikula namna gani?

Munasema: matope si sumu, ukiyaacha usiku mmoja yanakaa chini. Matope ndiyo. Lakini juu ya meza zile kuko wanaotia merkire ili dhahabu ishikamane. Sisemi ni wote. Merkire hautaitoa kwa kuchuja na kikwembe, na hautaitoa kwa kuchemsha. Inaharibu mishipa ya akili na figo, na kwa mama mwenye mimba inafika mpaka kwa mtoto. Na pembeni ya merkire kuko vyoo. Kilima kile kilichokuwa msitu wakati tulikuwa watoto, leo ni nyumba mpaka juu, na parseli nyingine watu wa vyumba sita wanatumia shimo moja, iko juu ya chemchemi. Mvua ikinyesha, munajua wenyewe.

Kiangazi iliyopita mtoto wa yaya yangu alianza kuhara. Mama yangu alifanya kile kila mama hapa anajua: maji litre moja, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Ni dawa ya kweli, inaokoa. Lakini inaomba maji safi, na siku ile hatukuwa na makala ya kuchemsha. Nilisimama namuangalia mama anakoroga, na nilijua maji yale yalitoka wapi, juu ni mimi niliyeyavuta. Tulikuwa tunampa mtoto dawa ndani ya kile kilichomletea ugonjwa. Wa kwetu alipona. Wa parseli ya pili tulimzika siku ya Ijumaa. Sitasema ni kolera ao tifoide, hakuna aliyepima.

Sasa niseme kile ambacho kiko kigumu. Nikipanda hapa na kupiga kelele kwamba wachimbaji wanatuua, mutanipigia makofi, na tutarudi nyumbani. Lakini wachimbaji ni nani? Muangaliane. Ni wewe. Ni mimi: nilichimba miaka mitatu, nikaacha juu ya kifua. Ile meza ya tatu, ya chini kabisa, iliyo karibu na dimbwi, ni ya yaya yangu, baba wa mtoto yule yule. Pesa ya meza ile njo ililipa dawa. Njo inalipa masomo ya sekondari ya wadogo wetu wawili. Jioni anakuja na kidonge kidogo cha dhahabu ndani ya karatasi, wanakipima kwa vijiti vya kibiriti kwenye mizani, na kwa vijiti viwili vitatu nyumba inakula. Nani hapa atamwambia aache? Mimi siwezi.

Kwa hiyo tulijiuliza na wenzangu: kwa nini mtu mwenye akili, anayependa mtoto wake, anaweka meza juu ya maji ya mtoto wake? Jibu letu ni hili. Hapa kila mtu anaishi sawa atahama kesho. Babu zetu walifika juu ya dhahabu wakati wa Wabelgiji. Ikaja SOMINKI mu 1976. Ikaja Banro ya Kanada, kiwanda cha Namoya kikaanza uzalishaji wake wa biashara Januari 2016, na Septemba 2019, mwezi ule ule wa masomo ya bure, kikasimama juu ya usalama. Kila mara walifika watu, kila mara tulisema "tukipata tutaenda kujenga kwingine". Mwenye nyumba anakaa Bukavu, anataka tu kodi, choo si kazi yake. Mpangaji anasema nyumba si yangu. Mchimbaji anasema nikipata shimo zuri nitatoka. Hata mti wa mwembe hakuna anayepanda, juu mwembe unaomba miaka. Mimi niko na miaka 27, nilizaliwa hapa, na bado mama yangu akiulizwa anakaa wapi anasema "tuko hapa kwanza". Miaka 27 ya kwanza! Kambi ndiyo inaishi hivyo. Hii kartie si kambi, iko na makaburi.

Kuko watakaosema: maji ni kazi ya serkali. Ndiyo. Na hatutaacha kuiambia. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa inahakikishwa, na umeme, na nyumba ya kufaa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaomba mahali pa kuvuta maji ya kunywa pawekewe mipaka ya kupalinda. Na kodi ya madini iko, inaitwa redevansi: tangu sheria ya madini ilipobadilishwa, Machi 2018, dhahabu inalipiwa asilimia 3,5, na katika pesa hiyo 50 kwa 100 inaenda Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa eneo la chini, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 ndiyo ingejenga chemchemi. Kila mwenye simu hapa ajue namba hizo kwa kichwa, sawa anavyojua wachezaji wa timu. Barua yetu kwa wakubwa imeandikwa, itasomwa mbele yenu kisha hapa, na anayetaka kusini atasini. Tunaomba waseme waziwazi: kwa miaka ile kiwanda kilikuwa kinafanya kazi, 15 yetu ilikuwa ngapi, na ilifanya nini.

Lakini redevansi ile inalipwa na kampuni, haitoki kwenye meza ya yaya yangu. Kiwanda kikilala, nayo inalala. Na barua kutoka hapa mpaka Kindu munajua barabara ile, wakati wa mvua lori linalala njiani. Mtoto hatangoja barua ifike.

Kile tunachoweza kufanya wenyewe si kikubwa sana. Meza zishuke. Siyo ziondoke, zishuke tu, zivuke dimbwi, zikae upande wa chini. Maji ni yale yale! Yakipita kwetu yanafika kwao, hakuna tone moja wanalopoteza. Wanachopoteza ni kubeba mfuko mbali kidogo zaidi, na ni kweli kubeba kunaomba nguvu ao pesa ya mbebaji. Tulihesabu na wabebaji wenyewe, tukakubaliana hivi: vijana wa kartie watachonga njia ya ngazi ya kushukia, ili mbebaji asiteleze na asiombe zaidi.

Kisha tulinde jicho. Mzee mmoja fundi wa mawe, alijenga chemchemi nyingi huko Fizi, alituonyesha namna. Unachimba polepole mpaka unapata mahali maji yanatoka kweli, unaweka changarawe safi, unafunika na udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa sawasawa, unajenga ukuta mdogo mbele na bomba moja linalotoka. Juu yake unachimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua. Na choo chochote kilicho chini ya metre 30 kutoka pale kinafungwa. Mawe tuko nayo, na changarawe, Mungu ametupa nyingi. Tunakosa simenti, na simenti ikitoka upande wa Fizi inafika hapa na bei ya harusi. Fundi anasema mifuko mitano itatosha. Mama wa soko walishaanza kuchanga, wao wa kwanza. Sisi vijana wa kunywa bia mbili jioni, tusikie haya kidogo.

Kwa vyoo, papa shefu, hapo tunaomba sauti yako. Parseli tatu ziko karibu sana. Wapangaji wako tayari kuchimba shimo jipya upande mwingine, tutawasaidia mikono. Lakini mwenye nyumba mmoja alijibu kwa simu kwamba hataki mtu achimbe kwenye parseli yake bila yeye. Sisi akitujibu hivyo tunanyamaza. Weye ukimpigia, atasikia sauti nyingine.

Salongo ni siku ya posho, saa kumi na mbili ya asubui, chini kwenye dimbwi. Majembe, pauro, na mapanga kwa majani. Wasichana, hamukuitwa kupika, mumeitwa kwenye kazi, chakula wavulana wa avenyi ya soko walisema watapika wao wenyewe. Tutaona kama kitaliwa.

Juu ya meza. Wa kwanza tuliongea naye, alikubali. Wa pili alikubali lakini anataka aone ngazi kwanza, iko na haki. Wa tatu munamjua. Tuliongea juzi usiku, aliniuliza kama siku hizi nakula katiba. Mama yetu alikuwa anasikiliza, hakusema kitu, aliingia ndani akaleta bidoni ya siku ile, akaimimina kwenye sahani nyeupe, akaiweka katikati yetu, akaenda kulala. Tulikaa tunaiangalia mpaka matope yakaanza kutulia. Hakunijibu ndiyo, hakunijibu hapana. Leo jioni narudi kwake, na posho nitawaambia alisema nini, ao mutaona wenyewe meza iko wapi.