Mshitakiwa ni Mtu, Si Jengo



Katika Mahakama ya Barabara ya Buganda, hapa Nakasero, zimepita kesi mbili za wanahabari zenye funzo kwa kila avaaye sare. Mwaka 1997, Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wa gazeti la Monitor walishitakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Gazeti liliendelea kutoka. Mwaka 1999 wakaachiliwa, na tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ikaibatilisha sheria yenyewe.

Novemba 2017, wakurugenzi watano na wahariri watatu wa Red Pepper walikamatwa, wakashitakiwa. Safari hii polisi waliikalia ofisi, na gazeti likanyamaza hadi Januari 2018. Wafanyakazi wasioshitakiwa wakabaki nje ya lango.

Kifungu cha 28 cha Katiba chasema kwamba mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike. Ikiwa ndivyo kwake, sembuse mpiga chapa na mfagizi? Askari mwadilifu humkamata aliyetajwa katika hati, huchukua kielelezo kinachohitajika, kisha huwaachia wengine kazi yao. Sheria humshika mkosaji. Haizimi jiko la jirani yake.