Euphrase Kezilahabi: Ujana wa Mwandishi na Mapambano ya Riwaya ya Kwanza

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili imekuwa desturi kuanza na kazi zilizokomaa za mwandishi, na maisha yake ya awali yakaachiwa aya moja ya tarehe. Mhadhara huu unafuata njia nyingine. Hoja yake ni kwamba Euphrase Kezilahabi alipokuwa kijana alipambana kutafuta idhini mbili: idhini ya mtu wa bara kuandika riwaya kwa lugha isiyokuwa ya mama yake, na idhini ya mwalimu kusema hadharani mambo ambayo jamii iliyanong'ona tu. Kwa wanafunzi wa Iringa na Mbeya, ambao wengi wao walikutana na Kiswahili wakiwa tayari na Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa, suala hili linawagusa moja kwa moja.

Kisiwani, seminarini na chuoni

Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kikerewe. Baada ya shule ya msingi alisoma katika Seminari ya Nyegezi, karibu na mji wa Mwanza, hadi mwaka 1966. Malezi ya seminari humpa kijana nidhamu ya kusoma na kufikiri. Papo hapo humwekea mpaka mkali kati ya yanayosemeka na yasiyosemeka. Mvutano huo unaonekana katika riwaya zake, ambamo wahusika huuliza maana ya maisha kwa ukali wa watu waliopewa majibu mapema mno.

Mwaka 1967 alijiunga na Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Ndio mwaka wa Azimio la Arusha na wa sera ya Elimu ya Kujitegemea, iliyomtaka msomi aitumikie jamii yake. Alihitimu mwaka 1970, mwaka ambao pia Idara ya Kiswahili ilianzishwa chuoni hapo. Kabla ya kurejea chuoni kama mhadhiri alifundisha katika shule za sekondari, zikiwamo Mzumbe mkoani Morogoro na Mkwawa hapa Iringa.

Riwaya iliyofungiwa mlango wa shule

Rosa Mistika ilichapishwa mwaka 1971, mwandishi akiwa na umri wa miaka 27. Rosa ni binti wa Ukerewe anayelelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye humpiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali huo haumfundishi lolote kuhusu dunia. Anapokwenda kusoma mbali na nyumbani hukutana na wanaume wenye madaraka, akiwamo mkuu wa chuo cha ualimu, wanaomtumia kwa tamaa zao. Mwisho wake ni kujiua.

Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni. Hoja ya kulinda maadili ya vijana haikukosa uzito, kwani kitabu kinataja wazi mahusiano ya kimwili na utoaji mimba. Lakini marufuku hiyo ilirudia kosa la Zakaria: kumlinda binti kwa kumnyima maarifa. Mwalimu alikuwa ameandika juu ya shule, na shule ikakataa kumsoma. Miaka ilipopita, kitabu hichohicho kikawa miongoni mwa vitabu vya kiada katika shule za sekondari.

Upo ugumu wa pili. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliweka hadithi zake katika nchi za kubuni kama Kusadikika na Kufikirika, akazijenga juu ya wema na uovu. Kezilahabi, ambaye baadaye aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert, alitaja kisiwa chake mwenyewe, na wahusika wake hawana malipo ya wema. Diwani yake Kichomi (1974), iliyoacha vina na mizani, ilizua ubishi mkali zaidi: watetezi wa mapokeo waliyakataa mashairi hayo kuwa si mashairi ya Kiswahili. Kwa hiyo swali la nani mwenye lugha liliulizwa waziwazi.

Hitimisho

Kezilahabi alifariki mwezi Januari 2020, akiwa ameacha riwaya sita. Njia aliyoifungua haikubaki Ukerewe. Claude Mung'ong'o, katika Mirathi ya Hatari (1977) na Njozi Iliyopotea (1980), aliingiza katika riwaya ya Kiswahili maisha ya vijiji vya Nyanda za Juu Kusini, pamoja na hofu ya uchawi na misukosuko ya ujamaa. Kiswahili sanifu hakikuharibiwa na waandishi hao. Kilipata baridi, vilima na visiwa ambavyo hakikuwa navyo. Mwanafunzi anayeona haya kwa sababu lafudhi yake ina Kihehe au Kinyakyusa ndani yake atafanya vyema kukumbuka kwamba riwaya iliyobadili fasihi hii iliandikwa na kijana wa Namagondo, na kwamba waliomfungia mlango ndio waliokuja kuufungua.