Kumkabidhi Mbwa Mkubwa Mkono kwa Mkono: Anachopaswa Kusema Anayetoa

Katika kikao hiki cha sisi madaktari wa mifugo, maafisa ugani na wenye mbwa nyumbani, nimepewa kuzungumzia mbwa wa kilo 35 na kuendelea, anayehama kutoka kwa mmiliki wake hadi kwa mmiliki mpya bila kupitia kwa dalali wala kituo cha kulea wanyama. Nina maana ya German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, Great Dane na machotara wao, kama tunavyowakuta nyuma ya mageti ya Mikocheni, Mbezi Beach na Kigamboni, hapa Dar es Salaam.

Sababu za kuwatoa mnazijua. Mzee amefariki na watoto wanauza kiwanja. Familia inahamia ghorofani Upanga. Mkataba wa mgeni umekwisha. Hapo kwa wageni kuna jambo ambalo majirani huwalaumu bila kulifahamu. Mbwa anayetoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya anatakiwa kuwekewa chipu chini ya ngozi, kuchanjwa kichaa cha mbwa, kisha kutolewa damu ya kupima kinga si chini ya siku 30 baada ya chanjo, halafu kusubiri miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Ni miezi minne hivi kabla hata hujaulizia kreti na nauli ya mnyama wa kilo 50. Anayeambiwa Mei kwamba Juni arudi kwao, na maandalizi hakuyaanza, hana ujanja. Mbwa atabaki, na swali ni atabaki na nani.

Hoja yangu ni kwamba njia ya mkono kwa mkono ina faida moja tu ya maana: anayetoa anamjua mbwa kuliko mtu mwingine yeyote, na maarifa hayo yanaweza kumfikia anayepokea yakiwa mazima. Akiyaficha, faida hiyo imekufa, na heri angempeleka mbwa kituoni ambako angalau watu wasiomjua wangemwangalia kwa tahadhari. Kwa mbwa mdogo, siri hugharimu suruali iliyochanika. Kwa Boerboel inaweza kugharimu uso wa mtoto.

Na tunaficha. Mwenye mbwa husema "tunasafiri" hata pale ambapo safari haipo, ila mbwa amemkamata mguu kijana wa kuleta maji. Wengine huficha kwa kusifu. Kwa kuwa wapokeaji wengi hapa mjini wanatafuta ulinzi, anayetoa hujisikia kama muuzaji na kuanza kupamba: huyu ni mkali, mgeni hapiti. Mpokeaji anafurahi, anarudi nyumbani kuning'iniza kibao cha "Mbwa Mkali" getini, na wiki ya pili mkali huyo anamvaa shemeji aliyekuja na zawadi. Ukali usio na breki si sifa ya mlinzi. Mbwa wa ulinzi anayefaa ni yule anayebweka kwa sababu na kunyamaza akiambiwa, na uzito wake pekee unatosha kumfanya mwizi atafute nyumba nyingine.

Basi anayetoa aulizwe, na ajibu mbele ya shahidi: amewahi kumng'ata nani, na ilikuwaje? Anaogopa nini: radi, fataki, mtu aliyevaa helmeti? Akiwa anakula, mtu anaweza kupita karibu na sahani yake? Ameshaishi na kuku, mbuzi, paka, mtoto anayetambaa? Jibu la "hatujui" linakubalika. Jibu la "hana neno" kwa kila swali lisikubalike, maana mbwa wa namna hiyo bado sijakutana naye.

Kuna mtu tunayemsahau katika mazungumzo haya, nami naomba nikae kwake kidogo. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, aliyeandikwa kwenye kadi ya chanjo siye anayemlisha mbwa. Anayemlisha ni mlinzi wa usiku, kijana wa bustani au dada wa kazi. Ndiye anayemfungulia banda saa 12 jioni, ndiye anayejua kwamba sikio la kushoto huuma msimu wa mvua na kwamba mbwa hali bila kusikia mlio wa sufuria. Bosi anamjua mbwa wa Jumapili. Huyu anamjua wa siku zote. Lakini siku ya makabidhiano mabosi wawili hukaa barazani na soda, na wenye maarifa wako uani. Upande wa pili ni hivyohivyo: bosi mpya amekubali kwa furaha, ila mlinzi wake anaogopa mbwa tangu utotoni na hakuulizwa. Matokeo yake ni mnyororo mfupi, chakula kinachosukumwa kwa fimbo, na mbwa anayegeuka adui wa nyumba anayoilinda. Ninapendekeza makabidhiano halisi yawe kati ya anayelisha na atakayelisha. Wakutane mara kadhaa kabla ya kuhama, wampeleke mbwa matembezi pamoja, na mpya amlishe mbwa, mwenzake akiwa amesimama pembeni. Kama mbwa amezoea kuamrishwa kwa Kijerumani au Kiingereza, maneno hayo yaandikwe kama yanavyotamkwa na yabandikwe mlangoni mwa banda.

Kuhusu dini niseme wazi, kwa sababu huwa tunanong'ona. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: chombo alicholamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Madhehebu hayohayo yanaruhusu mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda. Kwa hiyo nyumba ya Kiislamu yenye uwanja na banda zuri inaweza kuwa makao mema kwa mbwa aliyezoea kuishi nje. Kisichofaa ni kumpeleka huko mbwa aliyelala kwenye kochi miaka mitano, kisha kushangaa analia usiku kucha na majirani wanalalamika. Tulinganishe mazoea ya mbwa na taratibu za nyumba. Majina ya watu hayatuambii kitu.

Sasa afya. Chanjo ya kichaa cha mbwa ichomwe walau mwezi mmoja kabla ya kuhama kama iliyopo imepitwa na wakati, na kadi ihame na mbwa ikiwa na jina jipya. Dume ahasiwe na jike afungwe kizazi kabla ya kukabidhiwa. Najua wengi wenu mtanung'unika, maana jike wa German Shepherd ni mtaji. Ndiyo sababu yenyewe. Jike anayetolewa bure akiwa mzima huwaita watu wanaohesabu watoto, na atazalishwa kila joto mpaka achakae. Pesa ya mbwa mwenyewe mimi sishauri ichukuliwe. Mpokeaji na alipie dawa ya kupe na uchunguzi wa kwanza wa daktari, kwa jina lake. Anayeshindwa hilo mwanzoni atashindwa pia siku mbwa atakapopata homa ya kupe, ambayo kwetu haina msimu wa kupumzika.

Chakula kinaharibu makabidhiano mengi bila watu kujua. Mbwa aliyekuzwa kwa chakula cha punje cha dukani anaweza kuishi vizuri kwa ugali wa dona, dagaa na maini, lakini abadilishiwe taratibu kwa siku 7 hadi 10. Akigeuziwa ghafla ataharisha, na mpokeaji atadhani amepewa mgonjwa. Mbwa wenye kifua kirefu, Great Dane akiongoza, wana hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Wagawiwe chakula mara mbili kwa siku badala ya sufuria moja kubwa ya jioni, na wasikimbizwe wakishashiba. Tumbo likivimba na mbwa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, msingoje asubuhi. Hayo ni mambo ya saa chache.

Usafiri: kirikuu yenye turubai, alfajiri kabla ya jua kali, tumbo likiwa tupu, na mtu anayemjua akae naye nyuma. Kama mnavuka wilaya, mwoneni afisa mifugo mapema kuhusu kibali. Akifika, asiachwe huru uwanjani wiki za mwanzo, hasa ukuta ukiwa wa mita moja na nusu. German Shepherd mwenye nia atauruka na kuanza safari ya kurudi alikotoka, na mbwa mkubwa anayezurura barabarani hupigwa mawe, hugongwa, na halmashauri zetu zimewahi kuwaua wazururao kwa risasi.

Karatasi iwepo, ukurasa mmoja, isainiwe na pande zote mbili mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Iseme historia ya kung'ata, tarehe ya chanjo, na kwamba mpokeaji akishindwa ndani ya miezi mitatu atamrudisha kwa aliyemtoa au kwa mtu waliyemtaja pamoja. Kwa mgeni anayeondoka nchini, huyo mtu wa pili ni lazima apatikane kabla ya ndege.

Wapo mbwa ambao hawapaswi kukabidhiwa kwa yeyote, kwa muda au kabisa. Aliyeng'ata mtu awekwe chini ya uangalizi siku 10, palepale alipo, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Hakuna kumhamisha mbwa katikati ya siku hizo ili kesi iishe. Na yule anayeshambulia watu mara kwa mara, bila onyo, akiwa na kilo 60, daktari anaweza kumlaza milele kwa sindano mikononi mwa anayemfahamu. Kumpa jirani aliye mbali kidogo, asiyejua, ni kumhamishia hatari mtoto wa mtu mwingine.

Ombi langu kwa kikao hiki ni dogo: kila kliniki iliyowakilishwa hapa iweke nakala za karatasi hiyo mezani pa mapokezi, na isibadilishe jina kwenye kadi ya chanjo mpaka ionyeshwe karatasi ikiwa imesainiwa.