Kuku wa Mtoto na Daftari Lake

Hotuba ya maafisa wa ugani wanaoshughulika na vijana, iliyosomwa katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi

 

Tunashukuru kwa kualikwa. Kwa kawaida akina mama wakiisikia pikipiki yetu huuliza kwanza kama tumeleta mbegu, pili kama tumeleta mbolea, na tukisema tumekuja kwa ajili ya watoto, basi, kiti hurudishwa ndani. Leo mmetupa kiti na soda, na juu yake mmetupa dakika ishirini. Tutazitumia kwa jambo moja ambalo tumelizungumza na walimu, tukalizungumza na watoto wenyewe, lakini hatujapata kulisema mbele ya wenye kisanduku.

Kazi yetu ni hii. Katiba ya 2010 iliweka huduma za kilimo na mifugo mikononi mwa kaunti, na kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Sisi ni watumishi wa hapo. Mkiona tumechelewa, jueni afisa ni mmoja kwa wadi nzima, na wadi za huku Kilifi, hasa upande wa Bamba, si za kuzungukwa asubuhi moja. Fungu letu ni vijana: vilabu vya 4-K shuleni, na wale waliomaliza shule wakabaki kuhesabu bodaboda zikipita. Wenye umri wetu mnaikumbuka 4-K. Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya! Ilikuwako tangu miaka ya 1960, ikavuma, ikafifia, na mwaka 2021 Serikali ikaizindua upya.

Lakini mbegu yake ilitoka mbali, nasi tunaomba mtuvumilie tuieleze, maana ndani yake mna jambo linalowahusu ninyi hasa. Huko Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wataalamu wa kilimo walikuwa na shida ile ile tuliyo nayo sisi. Walikuwa na maarifa, na wazee wa mashamba hawakuwa na haja nayo. Mzee alilima kama babake alivyolima, basi. Mwaka 1902 mkuu wa shule mmoja wa Ohio, A. B. Graham, alianza kuwakusanya watoto wa shamba siku ya Jumamosi, akawapa kazi ya kupima udongo na kupanda mahindi yao wenyewe. Wengine nao wakaanzisha vilabu vya mahindi vya wavulana katika majimbo mengi. Mwaka 1910 kijana mmoja wa South Carolina, Jerry Moore, alivuna katika ekari moja busheli 228 na zaidi. Kwa hesabu yetu ya magunia ya kilo 90 hayo ni magunia zaidi ya 64. Ekari moja, jamani! Wazee wasiomsikiliza mtaalamu walilazimika kulitazama shamba la mtoto. Hata leo sisi tunapita njia hiyo hiyo: mahindi ya klabu ya shule yakisimama vizuri kando ya barabara, hatuna haja ya kuitisha mkutano wa hadhara.

Na tusidhani kazi ya ugani ilikuwa ya watu weupe peke yao. Mwaka 1906, huko Tuskegee, Alabama, Thomas Campbell, Mmarekani mweusi, aliajiriwa kuwafundisha wakulima weusi. Alizunguka vijijini na gari la kukokotwa na nyumbu, limejaa vifaa vya kilimo, naye akifundisha pale pale shambani. Sisi tuna pikipiki. Siku nyingine, mvua ikinyesha, tunaona nyumbu ana nafuu.

Sasa, na wasichana je? Swali hilo liliulizwa na mwalimu mmoja wa kijijini, Marie Cromer, wa wilaya ya Aiken, South Carolina. Wavulana wamepata klabu ya mahindi, wasichana wanatengenezewa nini? Mwaka 1910 akaanzisha klabu ya nyanya. Kila msichana alikatiwa sehemu ya kumi ya ekari. Akapanda, akapalilia, akavuna, kisha akajifunza kuzihifadhi nyanya katika mikebe na kuziuza. Kila msichana aliandika gharama zake na mapato yake. Na fedha zikawa zake. Hapo ndipo penye kiini. Binti alikuwa na pesa aliyoijua ilikotoka mpaka senti ya mwisho.

Mwaka 1914 Marekani ikapitisha sheria ya kuigharamia kazi hiyo nchi nzima, na vilabu vile vikaja kuitwa 4-H: kichwa, moyo, mikono na afya. Sisi tukaazima, tukaweka K zetu.

Bi. Mwenyekiti, nyanya zile tumezitaja kwa sababu hapa kwetu mradi wa mtoto hufia mahali pamoja, na mahali penyewe si shambani. Kideri huua kuku, kweli. Ukame huua, kweli. Lakini hayo tuna dawa yake au tuna subira yake. Mahali tunaposhindwa ni pale kuku wanapokua. Mnajua ule mchezo wa zamani: ndama akizaliwa ni wa mtoto, akiwa ng'ombe ni wa baba. Kwa kuku ni hivyo hivyo, ila baba hapo huwa ni mama.

Mnacheka. Chekeni, lakini msikilize.

Kuna kijana mmoja, hatutamtaja wala shule yake. Alipewa mitetea miwili na klabu akiwa darasa la sita. Akajenga banda la fito, akachanja kwa wakati, akafikisha kuku kumi na mmoja. Siku moja kabla ya Krismasi alirudi nyumbani akakuta wanne. Hakuulizwa kabla, hakuelezwa baada. Alipokuja klabu mara ya mwisho daftari lake lilikuwa limekoma tarehe hiyo, halikuandikwa kitu tena. Sasa yuko njia panda anaosha pikipiki za watu, na jioni zake wengine wenu mnazijua ziko wapi. Disko matanga haziishi huku hata zikipigwa marufuku. Hatusemi kuku saba ndio waliomtoa shuleni, mambo ni mengi. Tunasema tu kwamba mtoto aliyewahi kuhesabu mali yake akaipata, ana sababu ya kuamka mapema. Mtoto aliyehesabu akakuta pengo hana.

Hapa mama mmoja atasema: ninyi maafisa mna mshahara, njaa haijui daftari. Tunakubali. Mama aliyeuza kuku wa mtoto ili mdogo wake apelekwe hospitali si mwizi, wala hatukuja hapa kumwita hivyo. Swali letu ni dogo zaidi. Je, aliandika?

Maana ninyi mmekaa miaka kumi na hamjapata kumwachilia mwanachama mwenye deni la shilingi mia mbili aende hivi hivi. Kisanduku chenu kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wasiokaa nyumba moja. Utaratibu wa namna hiyo unajulikana hata Niger, ambako vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vilianza mwaka 1991, na watu wakauchukua kwa sababu unafanya kazi. Mama akikopa hapa huandikwa, husomwa, hulipa na kitu juu. Basi akikopa kwa mtoto wake, kwa nini iwe bure na kwa siri? Iandikwe: tarehe fulani mama amechukua kuku wawili, atarudisha kwa vifaranga au kwa pesa. Mtoto asome. Tumeona nyumba mbili tatu zinazofanya hivyo, na tukikagua daftari huko tunakuta deni, hatukuti huzuni.

Daftari lenyewe tulieleze, kwa sababu wengi mnadhani ni kazi ya mwalimu. Tuseme msichana ameanza na mitetea miwili. Katika miezi sita ameuza kuku sita kwa shilingi 500, ni 3,000, na mayai arobaini kwa shilingi 15, ni 600. Jumla 3,600. Chanjo na dawa ya minyoo, 160. Anakuja kwetu mbio: faida yangu 3,440! Tunamuuliza, kuku walikula nini? Anasema, mahindi na pumba za jikoni. Kiasi gani? Basi anakwenda kupima, anakuta kama kilo 30, kwa shilingi 50 ni 1,500. Faida ya kweli ni 1,940, na mitetea yake bado ipo. Anasikitika kidogo. Lakini kuanzia siku hiyo anajua kwamba mama naye ametia mtaji katika banda lile, na anaanza kutafuta mchwa na majani ili kupunguza mahindi. Na tukwambieni siri: kuna akina mama humu ambao baada ya kuona daftari la binti walienda kupiga hesabu ya kuku wao wenyewe kwa namna hiyo, na hawakupenda walichokiona.

Kwenye maonyesho ya kilimo watu hutazama jogoo mkubwa. Sisi tukikagua miradi ya klabu hufungua daftari kwanza. Jogoo anaweza kuazimwa kwa jirani. Daftari la miezi sita haliazimiki.

Ombi letu basi, na tumemweleza Bi. Mwenyekiti tangu wiki iliyopita ili lisije kama mtego. Mtoto hana kitambulisho mpaka afike miaka 18. Pesa yake ya kuku huingia katika simu ya mzazi, na simu ya mzazi haina ukuta ndani yake. Tunaomba kikundi kiwapatie watoto wa klabu nafasi katika kisanduku. Hawatakuwa wanachama, hawatakopa, hawatapiga kura. Wataweka tu, hata shilingi ishirini kwa wiki, katika mfuko wao peke yake na kitabu chao peke yake. Kutoa kuwe mbele ya mtoto mwenyewe pamoja na mwalimu mlezi wa klabu. Mzazi akitaka kukopa humo, aje aombe hapa, mchana, mtoto wake akiwa amekaa. Wasichana tunawaombea zaidi, kwa kuwa mvulana akinyang'anywa hupiga kelele mpaka kijiji kizima kijue, na msichana hunyamaza.

Tunajua kazi ya ziada itamwangukia Katibu. Tutamsaidia kuchora vitabu, na karatasi tutaleta sisi. Mkikataa, hatutakasirika, tutaendelea kuja. Mjadiliane bila sisi kuwepo, ndiyo adabu.

La mwisho ni la chanjo ya kideri. Tutakuwa hapa shuleni Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi. Kuku wafungiwe ndani tangu usiku. Hatuwezi kuwakimbiza, tumezeeka. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, wakubwa kwa vifaranga, wa mama na wa mtoto. Lakini leteni orodha mbili, ya kuku wa mama mbali na ya kuku wa mtoto mbali, na ya mtoto aiandike mwenyewe.