Usemi wa Mtoto na Lugha ya Nyumbani



Twaomba kuanza na kosa letu wenyewe. Katika mtaa mmoja hapa Voi alikuwapo mtoto wa miaka 2 asiyetamka neno hata moja. Wazazi walidhani bibi yake amemchanganya kwa kumsemesha Kidawida. Nasi tukakubali, tukashauri nyumbani kusemwe Kiswahili tu. Bibi akarudi kwake Mgange. Miezi ikapita, mtoto yu kimya vilevile. Alipopimwa masikio ilionekana kwamba yalikuwa yakitoka usaha siku nyingi bila kutibiwa, naye hasikii vema.

Tangu hapo tumejifunza mambo yafaayo kila mzazi ayajue. Mtoto husikia angali tumboni, na akizaliwa huitambua sauti ya mama yake. Apatapo miezi 2 hivi hutoa sauti laini za kuguguma. Kati ya miezi 6 na 10 hurudiarudia "ba-ba, ma-ma" bila maana. Karibu na mwaka hutamka neno la kwanza. Na akitimiza miaka 2 huunganisha maneno mawili: "mama maji". Watoto hawalingani. Lakini afikaye miezi 18 bila neno lolote apelekwe kupimwa masikio, asingojewe.

Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Kule Taveta, mtoto asikiaye Kitaveta kwa mama na Kiswahili sokoni huenda akazichanganya katika sentensi moja, wala huo si ugonjwa. Sisi watu wazima twachanganya kila siku, tena mkutanoni. Kinachomkuza ni kujibiwa. Akisema "ba", nawe ukamtazama na kumjibu, amejifunza zamu ya mazungumzo. Redio haimjibu, wala simu apewayo ili anyamaze.

Wazee wa Wundanyi na Sagalla hulalamika kwamba wajukuu waletwao likizo ya Desemba hawajui hata kuamkia. Kosa si la watoto, hawakusemeshwa. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilitaka madarasa ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali penyewe. Hapa Voi, mji wa reli wenye watu wa kila kabila, lugha hiyo ni Kiswahili. Basi Kidawida hakina mwalimu mjini ila aliye nyumbani, na sisi ndio tuliomfukuza.

Yule bibi tulimwendea Mgange kumtaka radhi. Alitukaribisha chai, na kabla hatujaketi akauliza habari za masikio ya mjukuu wake.